Swali Lililopita Katikati ya Salamu

Al Hail, Maskati

Kwa mdogo wangu Asha,

Salamu hizi zikukute umekaa. Ikiwa umesimama, vuta kibao ukae kwanza, maana niliyonayo hayafai kusomwa kwa miguu, khasa na mtu mwenye presha. Mzima? Magoti je? Kile kikohozi chako cha mchana kimekuachia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, nnakula, nnalala, nnagombana na mwanangu Zuwena kama kawaida yetu. Joto la hapa limeshaanza kuuma, tunashinda ndani ya viyoyozi kama samaki wa barafuni. Khabari nzuri zimekwisha hapo.

Utajiuliza kwa nini barua ilhali kuna simu, na kwa nini herufi hizi za Kiarabu za chuoni. Skuli mimi na wewe hatukuiona ndani. Tulichopewa ni chuo na fimbo ya maalim, na kwa herufi zile zile tulikuwa tukiandikiana Kiswahili chetu ulipoolewa ng'ambo ya pili ya kisiwa. Wanaume wa siku hizi Kurani wanaisoma, lakini Kiswahili cha mkono wangu, bila irabu, hakiwatoki mdomoni. Ndiyo maana. Bi Rukia, yule mjane muuza mabuibui, nimempa kanga ya zambarau akuletee, na nimemfunga kwa kiapo akwambie kwa mdomo kwamba dada yako amesema ufumue pindo kabla hujaivaa. Ikiwa unasoma hapa, basi kiapo amekitimiza, Mungu ampe kheri. Kanga yenyewe ni ya sokoni Hamriya, kwa Mhindi yule yule. Rangi haichuji.

Nitaeleza toka mwanzo, hata yale unayoyajua wewe, kwa sababu barua hii si yako peke yako. Ukimaliza utampa Salma aisome. Wewe ndiye uliyemfundisha herufi hizi, ataziweza.

Walipokuja wale watafiti, yule binti mwenye miwani na wenzake, wakakaa kijijini mwezi mzima wakipita nyumba kwa nyumba na tableti zao, nilikuwa nakucheka kwenye simu. Umasikini wanautafuta kama mtu aliyepotea, wakati mlangoni kwenu ndiko unakolala. Wakakuuliza paa ni bati au makuti, unapikia kuni au gesi, jana umekula mara ngapi. Ukawajibu umekula mara mbili, na mara ya tatu ulimtazama jirani akila. Nilicheka mpaka Zuwena akaja kutazama kama nnapumua. Kisha wakaingia kwenye afya: ukiumwa unakwenda wapi, unapewa nini, unaambiwa nini. Kisha wakaingia penyewe. Nani anashika ufunguo wa stoo ya dawa. Mwenyekiti wa kamati ya afya alichaguliwa na nani. Mtu akiwa na lalamiko, analipeleka wapi.

Hapo ulinambia ulinyamaza. Yule binti akaiweka tableti kando, akakusomea karatasi yake mara ya pili, pole pole: jina lako halitoandikwa popote, utakuwa nambari, na utakachokisema hakitomrudia mtu yeyote. Ukapiga dole gumba. Ukasema.

Nataka ulijue hili kabla ya jengine lolote, Asha. Wale watu waliitimiza ahadi yao. Hawakukutoa wao.

Siku ile ile ulinirikodia sauti, hizi wanazoziita voisi, ndefu, mpaka simu ikapata moto mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nnachagua mchele. Ukasema kwamba miaka yote wanapokwambia dawa za presha zimekwisha, rudi mwezi ujao, kumbe katika daftari la dawa zimeandikwa umezichukua. Kila mwezi. Na alama ya dole gumba pembeni, dole ambalo si lako. Ukasema hata marehemu mjomba Khamis amechukua dawa za sukari, na mjomba Khamis ameshaota majani kichwani. Na dawa zenyewe zinauzwa pale dukani kwa shemegi yake Bwana Hafidh, mwenyekiti. Kisha ukashusha sauti. Nnaikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeisikiliza mara nyingi mno tangu siku ile.

Ukasema: "Alonifunulia daftari simtaji, dada. Ila ni mwanangu wa ziwa, si wa tumbo. Maziwa yangu hayakupotea."

Hukumtaja. Ulijihifadhi. Wewe una akili kunishinda mimi, na nnakwambia leo kwa sababu sikuwahi kukwambia.

Sasa nisikilize dada yako. Huku Maskati sisi wanawake wa kwetu tunakutana asubuhi, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, dele la kahawa katikati, tende, halwa, na maneno. Juu ya simu mimi sijui kitu isipokuwa kimoja: kushikilia kidole juu ya sauti mpaka mshale utokee, kisha kuipeleka kwa mwengine. Mjukuu wangu alinifundisha, na nnajivuna kwa hilo kama mtu aliyejifunza kuendesha gari. Asubuhi ya pili yake walikuwa kwangu wanawake sita. Nikawawekea sauti yako waisikie. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka wajue mdogo wangu ana ulimi, kwamba kule tulikotoka wako bado wanawake wasiotishwa. Walicheka pa mjomba Khamis kama nilivyocheka mimi. Wawili wakalia.

Na Bi Thuwaiba, yule aliyemwoza mwanawe kwa watu wa Bwana Hafidh, akasema sauti nzuri hii, nitumie nami nikawasikilizishe nyumbani.

Nikashikilia kidole. Mshale ukatoka. Nikampelekea.

Sikukumbuka ukwe ule, Asha. Wallahi sikukumbuka. Kichwani mwangu yeye ni Thuwaiba wa visheti, basi. Aliondoka na simu yake mkobani na kipande cha halwa nilichomfungia mwenyewe.

Siku ya tatu, asubuhi, ikaja simu kutoka kwetu kijijini. Namba siijui. Nikapokea, sauti ya mwanamme, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Shikamoo mama mkubwa. Nikamwitikia. Ni Hafidh hapa, mama, ametukalia kimya siku nyingi huyu mama yetu wa Maskati. Nikaona haya, mtu kanikumbuka. Akaniuliza joto. Akaniuliza magoti. Akamtaja marehemu mume wangu, akamwombea. Akaniuliza wajukuu mmoja mmoja, na majina anayajua. Dakika kumi nzima ni salamu tu, na mimi nimekaa pale nnajibu, moyo umefunguka, nnajisemea kumbe si mbaya kama wanavyomsema.

Kisha, katikati ya salamu, wala sauti hakuibadilisha, akasema:

"Ati mama, juzi tulikuwa tunabishana hapa barazani. Bi Asha alimnyonyesha mtoto wa nani vile?"

Na mimi nikajibu. Nilijibu haraka, kama mtoto anayejua jawabu chuoni. "Wa marehemu Mize. Alimchukua siku ile ile Mize alipofariki, akamnyonyesha pamoja na Juma wake mpaka wakaota meno."

"Aa. Ndiye nani huyo sasa?"

"Salma."

"Salma huyu nesi wetu?"

"Huyo huyo."

"Ahsante mama. Umetumalizia ubishi."

Akakata. Mtu aliyenipa dakika kumi za salamu hakunipa hata neno moja la kuagana. Nikabaki nimeishika simu sikioni. Nakumbuka nilijiambia labda salio limekwisha. Nikarudi kwenye mchele wangu.

Yeye ni mtu wa kuja, alikuja kuoa kwetu sisi tayari tuna wajukuu. Mambo ya nani kanyonya wapi hayajui, na wazee wa hapo wasingemwambia, wanamjua. Alihitaji bibi mmoja mjinga, mbali, anayependa kusifu nyumba yao. Akampata.

Siku mbili baadaye nilikwenda kupimwa presha, hapa hapa Hail. Yuko nesi wa Kikenya, Mercy, mwanamke wa makamo, Mkristo, ana mikono ya baridi na roho ya moto. Ananiita shosho, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. Mimi na yeye tunaelewana kwa kupapasana, Kiswahili chake kina kona, changu ananambia kina manukato. Nikamhadithia yote kama kichekesho, mjomba Khamis na sukari yake, na mwenyekiti na ubishi wa barazani. Alikuwa anajaza upepo kwenye kile kitambaa cha mkononi. Akaacha kujaza. Hakucheka.

Akanambia kwao naye aliwahi kukaa na watu wa utafiti kama hao. Wakamwahidi jina halitatoka, na kweli halikutoka. Ila katika maneno yake palikuwa na mahali amesema yeye ana watoto pacha, na pale kituoni mwenye pacha alikuwa mmoja. Mtu akasoma, akahesabu. Hakufukuzwa. Alihamishiwa mahali pasipo na barabara wala maji, kisha zamu zikawa za usiku tu, kisha dawa zikapotea siku ambayo ufunguo uko kwake. "Hawakuhitaji jina, shosho," akanambia. "Walihitaji kitu kimoja tu, ambacho mtu mmoja tu anacho." Ndivyo alivyofika huku, kupima mikono ya mabibi wa watu.

Kisha akaniuliza, polepole sana, huyo mdogo wako amewanyonyesha watoto wangapi wasio wake.

Presha yangu siku ile hakunambia ilikuwa ngapi. Alinipa maji, akakaa kando yangu, na wagonjwa wengine wakangojea.

Nikakupigia. Haikupokewa. Nikapiga tena, ikapokewa, na aliyepokea si wewe. Mwanamme. Akasema simu ya Bi Asha iko kwa kamati, laini inasajiliwa upya, itarudi. Tangu lini kamati ya afya inasajili laini za watu? Nikampigia mwanao Juma. Akanambia tuko salama, mama mkubwa, tuko salama kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekaa na mwengine ubavuni. Nikamuuliza Salma. Akasema Salma ameitwa mjini aende na ufunguo wa stoo, na kwamba pale stoo limetiwa kufuli jipya, na daftari la dawa limekwenda kufanyiwa usafi. Maneno yake hayo, usafi. Mtoto yule hajui kudanganya, alikuwa ananipa khabari kwa njia anayoiweza.

Ndipo nilipotafuta kalamu.

Sasa nnakwambia la kufanya, na usinibishie, mimi ndiye mkubwa. Salma akirudi kutoka mjini, mwite kabla hajavua viatu. Asisikie kwa mwengine. Mwambie si yule binti mwenye miwani aliyemtoa, wala si wewe. Ni mimi, kwa kidole changu kimoja na kwa ulimi wangu. Nilikuwepo siku ile Mize alipokuwa anatoka damu na kituo kile kile cha afya hakina hata pamba, tukawa tunachana kanga zetu tukimpa mkunga. Nilimpokea Salma mimi kwa mikono hii, nikakukabidhi wewe kifuani. Ndiyo sababu aliusomea unesi, alinambia mwenyewe alipokuja kuniaga. Halafu mimi, baada ya yote hayo, nikamkabidhi kwa Hafidh kati ya kahawa na mchele.

Kituoni kwao usikanyage kutafuta dawa mpaka nikwambie. Ndani ya mkebe wa maziwa anaokuletea Bi Rukia, chini ya unga, zimo dawa zako za presha za miezi mitatu, kwa ile karatasi ya daktari wako uliyonipigia picha. Mercy amezikagua moja moja. Kimoja asubuhi, na chakula, usijifanye daktari ukavikata nusu ili vidumu.

Na karatasi yoyote watakayokuletea upige dole gumba, hata ikiwa ni ya kupokelea mchele wa msaada, usipige. Sema jicho halioni. Sema dole lina kidonda. Wakikusomea, mwite Juma naye asome, kwa sauti, mbele ya mlango, watu wapite wasikie. Nnaogopa watakuja na karatasi inayosema Bi Asha hakusema, au inayosema Bi Asha alidanganywa na nesi. Hiyo ya pili ndiyo nnayoiogopa zaidi. Watakuwa wapole sana. Watakuuliza magoti kwanza.

Yule binti wa utafiti ulinambia aliahidi kurudi kuwasomea majibu mbele ya watu wote, pale kiwanja cha skuli, baada ya mwezi kwisha. Ana haki ya kujua kabla hajafika. Alikwachia kikaratasi cha namba yake, nnakumbuka ulisema umekitia ndani ya msahafu. Kitoe. Mpe Juma apige kwa simu ya mtu wa kijiji chengine. Amwambie kuna mtu Maskati ameivunja ahadi ambayo wao hawakuivunja, na kwamba siku wakija waje na wakubwa wao, wasije watoto peke yao na tableti. Daftari lile likirudi na madole mapya, yeye ana maneno ya watu tangu kabla ya usafi. Hilo ndilo linalomtisha Hafidh, si mimi wala wewe. Nyumba moja ikisema wataiita wivu. Zikisema nyumba zote, na kila moja haikujua mwenzake amesema nini, waiite nini?

Kwa hiyo na wewe usirudi nyuma. Najua nnakutia hofu kwa mkono mmoja na kukusukuma kwa mwengine. Ningekuwa na njia nyengine ningekwambia. Lakini ukisema sasa hukusema, Salma anabaki peke yake na kufuli jipya, na wale wanaokuja kujifungua watarudi kwenye kuchana kanga.

Mimi nnakuja. Zuwena amekataa, mkwe wangu amekataa, daktari hajaulizwa. Pasi yangu ya kusafiria imo kabatini kwa mkwe na ufunguo nnaujua unapokaa. Siku ya kusomwa majibu nitakaa mstari wa mbele na fimbo yangu, na Hafidh akisimama kunisalimia nitamwambia mbele ya kila mtu kwamba salamu zake nimeshazipokea zote, amalizie swali. Ukiniona siku ile nimevaa vibaya usinicheke, nitakuwa nimeondoka kwa haraka.

Nisalimie Juma, mwambie nimemsikia hata alilonyamazia. Nisalimie mke wa Juma na tumbo lake, na umwambie asijifungulie peke yake hata kama atalazimika kwenda kukaa kwa mama yake mapema. Msalimie mkunga mzee, ikiwa mikono bado inamtii. Msalimie imamu wa msikiti wa chini, yeye hakumwogopa mtu kamwe, mweke karibu. Bi Thuwaiba nitamsalimia mwenyewe, huku huku, asubuhi ya zamu yake ya kahawa. Na Salma sitii salamu zake humu. Asije akaziona kama zile nyengine. Mwambie tu nipo.

Sijui kama utanisamehe, na sikuombi leo. Leo nnaomba ukae karibu na mlango na karibu na watu.

Dada yako, aliyekubeba mgongoni, na safari hii kakuangusha,

Bi Zeyana, mama yake Zuwena

Nilikuwa nimeshaikunja. Ni asubuhi, Bi Rukia yuko sebuleni anakunywa kahawa, sindano iko mkononi mwangu tayari kushona pindo. Simu imelia. Namba ile ya Hafidh. Ikakata, ikalia, ikakata, ikalia. Nimeilaza kifudifudi juu ya mchele, na bado inalia, na mchele unatikisika. Swali la kwanza lilikuwa la Salma. Sijui la pili ni la nani. Toka nje ukae barazani, Asha. Usomapo hapa, toka.